Tunutu wa Kichwa cha Zambarau

Jumatatu, 3 Machi

Jana nilipoteza tunutu saba. Saba! Tena kwa asubuhi moja.

Niandike vizuri, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu. Tunutu ni mdudu mchanga wa mtoni, yule ambaye bado hajaota mabawa na anatambaa chini ya mawe akingoja siku yake. Trauti anampenda kuliko kitu chochote. Sisi wavuvi tunamwigiza. Unachukua ndoana ndogo kama punje ya mchele, unaizungushia manyoya na waya mwembamba wa shaba, unafunga kwa uzi, unamzamisha majini. Trauti akidanganyika, unakula samaki. Asipodanganyika, unarudi nyumbani unamwambia mkeo maji yalikuwa machafu.

Jana maji yalikuwa masafi. Trauti waligonga mara saba, nikavuta mara saba, na mara saba ndoana ikarudi uchi. Manyoya, waya, uzi, vyote vimeteleza vikaenda na samaki. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa amesimama jiwe la pili anaona kila kitu. Akaniuliza kwa upole kama huwa namalizia kwa fundo. Nikamwambia trauti wa siku hizi wana meno. Yeye ni daktari wa meno.

Habari ya fundo naijua, asinifundishe. Ukifika mwisho unatakiwa kuzungusha uzi mara tano kichwani pa mdudu, unaupitisha chini yake, unakaza, unadondoshea tone la vanishi. Dakika nzima inapotea! Mimi nazungusha mara mbili, nakata, naendelea na mwingine. Kwa wiki natoa tunutu arobaini. Shemeji anatoa sita, anawapanga kwenye kijaluba kama vito. Na kama ni uzi, uzi hauna kosa. Mweusi uliniishia, nikachukua wa zambarau uliobaki kwenye majoho ya mahafali anayoshona mke wangu. Uzi imara kabisa.

Lakini hayo si makubwa. Makubwa yalikuja wakati wa chakula cha mchana kwa baba mkwe. Mzee aliinua kikombe, kikagonga meno. Akakishusha, kikagonga kisahani. Akatuambia kwamba mikono imemgomea, hawezi kufunga tena hata tunutu mmoja. Akalileta jiliwa lake mezani, kile chuma cheusi cha kubania ndoana, alichokitumia miaka arobaini. Akasema Jumapili tutashuka wote mtoni. Mimi nilete tunutu watatu, shemeji alete watatu, yeye avue kwa wote sita. Samaki ndiye hakimu. Atakayechaguliwa na samaki atachukua jiliwa, na tangu siku hiyo atamfungia Mzee tunutu wake wote hadi atakapoacha kuvua.

Nimeoa katika nyumba ile miaka kumi na moja. Mpaka leo Mzee ananiita mgeni. Mgeni, karibu. Mgeni, umeshiba? Jiliwa lile nalitaka. Nalitaka mpaka usingizi unakataa.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: vifaa bora. Waya wangu wa shaba umekwisha. Nimekumbuka kuwa ndani ya mota ya feni kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, maili na maili. Na masjala, ninapofanya kazi ya kutunza mafaili, kuna feni ya mezani ambayo haitumiki.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Wakati wa chakula nikaifungua kwa kisu cha bahasha, nikachomoa waya, nikafunga tena skrubu zote isipokuwa moja ambayo haikujulikana inakaa wapi.

Saa nane bosi akaja na feni yake akilalamika kwamba imekufa ghafla. Kumbe iliyokuwa mezani kwangu ndiyo yake, ile isiyotumika iko kabatini. Nilijitia hamnazo. Nikamsikitikia sana. Nikampepea kwa faili mpaka saa tisa na nusu, na bado akaniuliza kwa nini nina skrubu mfukoni.

Waya lakini ni safi kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Moyo unanidunda. Nimegundua kitu!

Jumatano kliniki ya shemeji huwa imefungwa, basi yeye alikwenda mtoni tangu asubuhi, palepale nilipovua mimi Jumapili. Akapata trauti mmoja, akampelekea baba mkwe. Nilipotoka kazini tukapita na mke wangu kumjulia hali Mzee, nikamkuta samaki yuko kwenye sinia anangoja kupasuliwa. Nikasema nitampasua mimi. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Hawajui mambo. Mvuvi mwenye akili hamuulizi shemeji yake samaki wanakula nini siku hizi. Anamuuliza tumbo la samaki. Unalipasua, unamwaga kilichomo kwenye kisahani cheupe chenye maji, unasoma kama gazeti.

Nilisoma. Vikono vya wadudu, changarawe, jani moja. Halafu, Mola wangu! Tunutu mzima, hakuguswa hata na meno. Mnono. Mwili wa kahawia wenye pete za rangi ya shaba. Na kichwani ana mng'ao wa zambarau! Miaka kumi na moja natazama wadudu wa mto ule, sijapata kumwona huyu. Nimemficha kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi na spiriti kidogo, nikamkabidhi mke wangu samaki, nikaaga kabla ya chakula. Wamebaki wanaulizana nini kimenipata.

Shemeji amevua samaki, mimi nimevua siri. Nani mjanja?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda na kioo cha kukuzia. Nimelipekua lile buku kubwa la wadudu wa majini kurasa zote mia tatu na kumi. Hayumo. Hana hata ndugu. Nimempa jina langu mwenyewe, kwa muda, mpaka wataalamu wathibitishe. Nina hakika watathibitisha.

Kazi ilikuwa kupata vifaa vya kumwigiza. Manyoya yake ni ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, laini, yamejikunja kidogo. Nilijaribu brashi ya viatu. Ngumu. Nilijaribu nywele za mbwa wa jirani, ambaye hakupendezwa, na mwenyewe jirani hakupendezwa zaidi. Nilikata kishungi kimoja kwenye zulia la chumba cha kulala, upande wa chini ya kitanda ambako hakuna atakayeona. Mke wangu aliona baada ya dakika tano.

Nilikuwa nakaribia kukata tamaa nikafungua sanduku langu la kazi kutafuta mkasi. Na hapo ndipo niliposhikwa na butwaa. Yale manyoya ya kola ya koti kuukuu ninayotumia kila siku, nikayaweka karibu na mdudu. Yanafanana! Si kufanana tu, huwezi kuyatenganisha. Nikaweka waya wangu wa shaba. Ndio huohuo! Nikaweka, kwa utani tu, ule uzi wa joho. Zambarau kwa zambarau!

Nilikaa kitini muda mrefu nikitafakari. Maumbile na mimi tumewaza jambo moja. Wengine huita hiyo bahati. Mimi naita kipaji.

Nimefunga kumi na wawili kabla ya kuchwa. Ukimweka mmoja wao pembeni ya yule wa kichupa, mama mzazi wa mdudu hawezi kujua yupi ni wake.

Ijumaa, 7 Machi

Mkakati wa pili: kujua adui ana nini. Nimekwenda kliniki kwa shemeji nikimwambia jino linaniuma. Nilijua huwa anafungia tunutu wake ofisini kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa vile vibano vyake vya chuma.

Na kweli, niliwaona. Watatu, juu ya trei, karibu na pamba. Wadogo kama mbegu za nyanya. Kila mmoja ana fundo kichwani na tone la vanishi juu yake. Nikawa nainua shingo kuwatazama vizuri, shemeji naye akawa anairudisha chini kwa mkono, ananiambia nifungue mdomo. Nikafungua. Akauliza ni lipi linaloniuma. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikaonyesha moja la nyuma, bila kuchagua.

Akaligonga. Akaguna. Akasema nimefanya vizuri kuja, kwani limeoza hadi kwenye mzizi, ajabu nimevumilia vipi.

Ng'o, nikamwambia, halina neno, limeshapoa. Akasema wote husema hivyo. Sindano ya ganzi, koleo, kwisha. Kikulacho ki nguoni mwako!

Wakati nimelala pale na pamba mdomoni, siwezi kujitetea, akanihubiria. Akasema tunutu wangu wana sura nzuri kuliko wake, yeye mwenyewe anakiri, tatizo ni fundo tu, na angenionyesha mara moja tu ningelijua. Nikamwambia asante, najiweza. Kwa sababu ya ganzi ilitoka sauti ya mtu anayekunywa uji. Akanipigapiga begani, akaniambia nisile upande huo.

Upole wake huo ndio unaonichoma roho.

Jumamosi, 8 Machi

Shavu limevimba. Nimechagua tunutu wangu watatu wa kesho. Nimeandika hotuba. Kwanza nitaonyesha kichupa, nieleze uvumbuzi, Mzee atashangaa, kisha nitatoa watatu wangu. Shemeji atabaki ameduwaa na mbegu zake za nyanya.

Mchana nilimwita mke wangu atazame kwenye kioo cha kukuzia. Nilitaka awe wa kwanza, ni haki yake kama mke wa mgunduzi. Akatazama. Akatazama tena. Akageuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akakiweka mezani polepole, akaenda jikoni, nikasikia sauti kama ya sufuria inayochemka. Nilipomfuata nikakuta amejifunika uso kwa taulo la vyombo. Nikamuuliza analia nini. Akasema kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Baadaye akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono.

“Mume wangu,” akasema, “kesho nenda na tunutu wako tu. Hicho kichupa kiache nyumbani.”

Nikamuuliza kwa nini. Akasema nimwamini tu. Na akaongeza kwamba kama nina robo saa, yeye kama fundi wa kushona angeweza kunionyesha lile fundo, hata cherehani inalijua.

Nimeelewa. Damu nzito kuliko maji. Ametumwa na kaka yake. Sikumwonyesha kwamba nimemgundua, nikasema tu nitafikiria. Kichupa nimekihamishia kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike haraka kabla aibu haijanifikia yote.

Tulikuwa wanne mtoni: Mzee, shemeji, mke wangu aliyebeba chupa ya chai, na mimi mwenye shavu. Nikatoa kichupa. Nikatoa hotuba. Nilisema maneno mazito kuhusu subira, elimu na jicho la mtafiti. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mke wangu alikuwa amegeukia mto.

Mzee akavaa miwani. Akamtoa mdudu akamweka kiganjani, akamsogeza karibu na pua. Akaomba kioo. Nikaanza kuandaa sura ya unyenyekevu kwa ajili ya pongezi.

Kisha akashika kitu kichwani pa mdudu kwa kucha mbili, vidole vinatetemeka, akavuta. Mdudu akaanza kuzunguka. Akavuta, mdudu akazunguka, akavuta, na uvumbuzi wangu ukafumuka wote mbele ya macho yangu mpaka ikabaki shubiri nzima ya uzi wa zambarau, kipande cha waya wa shaba na vumbi la kola ya koti.

“Huyu mdudu,” Mzee akasema, “ameshonwa.”

Alikuwa mmoja wa wale saba wangu wa Jumapili iliyopita. Samaki alimchomoa kwenye ndoana, akammeza, akakaa naye siku tatu, shemeji akamvua, mimi nikampasua. Nimeigiza kazi yangu mwenyewe. Nimemtafuta kwenye kurasa mia tatu na kumi.

Mzee alianza kucheka kimyakimya, mabega tu. Halafu ikatoka. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe, akavua miwani, akafuta macho, akanitazama, akaanza upya. Mke wangu hakuwa na mbavu. Shemeji alijitahidi, namshukuru, lakini akashindwa. Mke wangu aliniambia baadaye hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu mama yao afariki.

Nilitaka kurudi nyumbani. Mzee akakataa, akasema mashindano bado. Akafunga tunutu wangu wa kwanza kwenye mshipi, akamtupa. Hakumaliza hata pumzi mbili, trauti akagonga. Akavuta. Ndoana uchi. Wa pili akagongwa vilevile, ndoana uchi. Wa tatu vilevile, na huyu wa tatu alikuwa trauti mnene, tulimwona mgongo wote, shemeji alipiga kelele. Ndoana uchi.

Kisha tunutu wa shemeji. Saa nzima kimya. Mwishowe akapatikana samaki mmoja, urefu wa kalamu, akarudishwa majini akakue.

Nikajua nimekwisha. Nikamwambia shemeji hongera, na nilimaanisha, karibu yote. Mzee akasema nisiharakishe. Akaniita nikae karibu naye juu ya jiwe. Akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku kama anayekagua muhogo sokoni.

“Mkono wako hautetemeki,” akasema. “Mwanangu anafunga vizuri, lakini samaki wamekufuata wewe mara tatu. Nilisema samaki ndiye hakimu. Chukua jiliwa, nenda nalo ukajifunze fundo moja tu. Jumapili ijayo lifunge mbele ya macho yangu, na halitarudi tena kwangu. Nina hamu ya kuvua kwa tunutu wako kabla sijachoka, mwanangu.”

Wote wawili alituita hivyo, kwa pumzi moja. Nikamtazama shemeji nione kama amekasirika. Akasema ni sawa kabisa, yeye analo la kwake kliniki, na yuko tayari kunionyesha fundo saa yoyote. Nikageuka kushika shavu. Nikasingizia jino.

Nimelibeba jiliwa nyumbani kwenye taulo. Ni zito kuliko linavyoonekana. Nimeliweka mezani nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala nikafikiri kwa utulivu. Kuna njama.

Fundo moja tu! Dakika kumi za kujifunza! Kitu chepesi hivyo hakiwezi kuwa ndicho chenyewe. Shemeji amekubali upesi mno. Mke wangu leo asubuhi kanikalisha, uzi tayari, sindano tayari, anasema nitazame tu mara mbili. Kwa nini wote wana haraka ya kunifundisha? Nikamwambia nimechelewa kazini.

Kazini nilipata jibu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu, na fundi viatu ana gundi ambayo hubana soli ikabaki mpaka mguu uchakae. Nikaomba kichupa. Mpango ni huu. Jumapili nitakaa mbele ya Mzee, nitazungusha uzi mara tano kwa madaha makubwa, bila kufunga chochote. Chini ya kucha ya kidole gumba nitakuwa nimeficha tone la gundi. Nitabonyeza kichwa cha mdudu, kitang'aa, kitakaza, nani atajua? Kinachohitajika ni mazoezi tu, ya siku sita. Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema nianze leo. Bosi ametoa ruhusa kwa furaha iliyonishangaza.

Fundi viatu alinionya kwamba gundi ile haipakwi kwa kidole. Mafundi wote wanapenda kutisha watu.

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko kwenye jiliwa, kidole gumba na cha shahada, kila kimoja kwenye taya lake. Nimejaribu maji ya moto, mafuta ya kupikia, sabuni na maneno makali. Saa nzima imepita sasa. Jiliwa la baba mkwe liko mkononi mwangu na hakuna mtu duniani awezaye kulichukua.

Mke wangu amemkuta mume wake katika hali hii, hakuuliza kitu, ameinua simu. Shemeji anakuja na dawa ya kliniki. Mzee alikuwa palepale kliniki anangoja kuangaliwa meno, naye anakuja. Namsikia kwenye simu, anauliza kwa sauti iliyojaa matumaini kama kweli nimeanza mazoezi siku ya kwanza kabisa.

Kichupa cha gundi nimekificha kwenye soksi. Wakifika nitawaambia ni fundo, limekaza.